Mikono Minne Kwenye Kiti Kimoja

Ukurasa wa historia ya ukoo wetu, ule aliouchapa baba mkubwa na kuugawa kwa kila nyumba, una aya tatu kuhusu babu na nusu sentensi kuhusu bibi. Babu alisomea udaktari wa meno, akafungua kliniki katika mji mdogo ambako kabla yake mwenye jino linalouma alisafiri au alivumilia, akang'oa na kuziba meno ya watu, ya watoto wao na ya wajukuu wao, kisha akastaafu na akafa akiheshimiwa. Bibi "alimsaidia katika kazi zake". Nukta.

Sina ugomvi na aya za babu. Alizistahili, na pengine alistahili ya nne. Lakini aliyelelewa katika nyumba ambayo chumba chake cha mbele ni kliniki, na mlango wa sebule unafungukia kwenye benchi la wagonjwa, anajua kwamba nusu sentensi ile ni finyu. Shangazi, kitinda mimba wao, alilelewa humo. Yeye ndiye aliyenipa madaftari.

Kuna madaftari ya miadi, kuna leja ya wadaiwa, na kuna sanduku la kadi za wagonjwa. Kadi ya meno, kwa asiyewahi kuiona, ina mchoro wa meno yote 32 yaliyopangwa safu mbili, ya juu na ya chini. Daktari huweka alama kwenye kila jino alilolikuta na tatizo na kila alilolishughulikia: hapa pametoboka, hapa pamezibwa, hili limeng'olewa. Kinywa cha mtu hakifanani na cha mwingine, na ndiyo maana kadi hizi hutumika kutambua maiti ambazo hazina tena sura. Jambo hilo si geni. Paul Revere, mfua fedha wa Boston ambaye pia alikuwa akitengeneza meno ya bandia, aliutambua mwili wa rafiki yake Joseph Warren, aliyeuawa katika vita vya Bunker Hill mwaka 1775, kwa jino la bandia alilokuwa amemfungia kwa waya. Mwili ulikuwa umekaa kaburini miezi kadhaa. Fundi aliijua kazi ya mikono yake.

(Majina yaliyomo kwenye kadi za babu siyagusi. Ni siri za watu, na wengine bado wako hai na meno yao. Mimi nilifuata mwandiko tu.)

Mwandiko wa babu ni mdogo, umelala upande, na kila neno limeachwa njiani kabla halijafika mwisho. Mwandiko wa pili umesimama wima, wenye herufi za mviringo, mwandiko wa mtu aliyefundishwa na mwalimu mkali. Kwenye kadi za miaka ya mwanzo kazi imegawanywa waziwazi: mwandiko wa pili umeandika jina, umri na tarehe, na wa babu umeandika yaliyokutwa kinywani. Baadaye mwandiko wa pili ukaanza kujaza hesabu. Kisha ukavuka mstari. "Gego la kwanza chini kulia limetoboka upande wa shavu, linauma kwa maji baridi." "Ufizi umevimba, hakuna usaha."

Baba mkubwa alipoambiwa alicheka. Alisema daktari huangalia na kutamka, na msaidizi huandika anachosikia. Ndivyo inavyofanyika hadi leo, na hakuna cha ajabu hapo. Ni hoja nzuri. Ningeikubali kama si kadi ambazo shangazi alikuwa ameziweka kando kwa miaka mingi bila kumwambia mtu kwa nini. Kwenye kadi hizo babu ameweka alama ya jino zima, halafu chini yake, kwa wino mwingine, mwandiko uliosimama wima umeandika: limetoboka nyuma, litazamwe tena. Mgonjwa anaporudi, jino lilelile limezibwa.

Mtu hawezi kuandika kwa kutamkiwa jambo ambalo mtamkaji hakuliona.

"Macho ya baba yalianza kupungua mapema kuliko walivyosema," shangazi aliniambia. "Mama ndiye aliyekuwa akiangalia. Baba alikuwa na mkono."

Ni lazima nieleze uzito wa maneno hayo kwa wasioijua kazi yenyewe. Sehemu kubwa ya anayofanya daktari wa meno hufanyika mahali penye giza na mate, ndani ya tundu dogo kuliko punje ya mchele, na mara nyingi haangalii jino lenyewe bali taswira yake kwenye kioo kidogo. Magego ya juu ya nyuma karibu yote hutazamwa hivyo. Umri ukifika wa macho kushindwa kuona vitu vya karibu, mkono unaweza kubaki imara kwa miaka mingi huku jicho limekwisha kuaga. Katika mji mkubwa daktari wa namna hiyo angemwachia mwenzake kazi. Katika mji wenye daktari mmoja, akiacha yeye, hakuna mwingine. Kwa hiyo nyumba ile iligawana mwili mmoja wa kazi: macho ya mke, mkono wa mume.

Baada ya kusikia hayo nilianza kutafuta familia nyingine za daktari wa meno wa mji mdogo na mkewe, zile zilizoandikwa. Si nyingi, maana watu wa namna hii hawaandikwi. Iliyonikaa zaidi kichwani ni ya Emeline Roberts na Daniel Jones.

Walioana mwaka 1854 huko Connecticut, Marekani. Emeline alikuwa na miaka 18. Daniel alikuwa daktari wa meno wa Danielsonville, mji mdogo uliokua kandokando ya viwanda vya pamba. Wakati huo udaktari wa meno kwa sehemu kubwa ulirithishwa kwa kukaa karibu na anayeujua. Chuo cha kwanza cha fani hiyo, kile cha Baltimore, kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1840 tu, na kwa mtu wa mji kama ule hakikuwa njia ya lazima. Emeline alitaka kujifunza. Daniel, kwa jinsi kisa kinavyosimuliwa, aliona vidole vya mwanamke ni dhaifu na vizito mno kwa kazi hiyo. Najiuliza vifungo vya shati lake vilikuwa vikishonwa na nani.

Emeline hakubishana. Alianza kuokota meno ambayo mumewe alikuwa ameyang'oa, akayatoboa na kuyaziba kwa siri, akiyatia kwenye chupa ya kioo. Alipomwonyesha mumewe, chupa ilikuwa na mamia ya meno yaliyozibwa. Daniel aliangalia kazi, akanyamaza kuhusu vidole, na mwaka 1855 akamruhusu kuwatibu wagonjwa. Miaka michache baadaye akawa mshirika wake rasmi.

Mwaka 1864 Daniel akafa. Emeline alibaki na watoto wawili wadogo na kiti cha daktari. Akafanya kazi. Alifunga safari mashariki mwa Connecticut na katika Rhode Island akibeba kiti cha kukunjwa, akiwatibu watu huko huko walikokuwa, kisha mwaka 1876 akahamia New Haven na kufungua kliniki. Mwanawe wa kiume naye akawa daktari wa meno na wakafanya kazi pamoja. Alistaafu mwaka 1915, miaka 60 tangu alipoanza, na akafa mwaka uliofuata.

Kisa hiki husimuliwa kama cha mwanamke jasiri, na ni kweli. Lakini mimi kinanivutia kwa jambo jingine. Sisi tunajua habari za Emeline kwa sababu Daniel alikufa mapema. Hilo linatisha kidogo ukilifikiria. Daniel angeishi hadi uzeeni, ukoo wao ungekuwa na ukurasa unaosema Dk. Jones alitibu meno Danielsonville kwa miaka 50, na mkewe alimsaidia katika kazi zake. Chupa ya meno ingetupwa siku ya kusafisha stoo. Wachukua sensa nao wasingesaidia kitu, kwani katika sensa za Marekani za 1870 na 1880 wake za watu wengi mno waliandikiwa kazi moja: kutunza nyumba. Nyumba ikiwa na kiti cha daktari katikati yake, haijalishi.

Basi nikamrudia shangazi na swali jingine. Ukiacha macho, kusaidia kulikuwa kufanya nini hasa? Aliniangalia kama mtu aliyesubiri swali hilo tangu msiba.

Alianza na koleo. Watu hudhani koleo la kung'olea jino ni moja, kama la fundi umeme. Gego la juu lina mizizi mitatu, miwili upande wa shavu na mmoja upande wa kaakaa, na mdomo mmoja wa koleo lake umechongoka ili uingie katikati ya ile miwili ya shavuni. Kwa hiyo koleo la upande wa kulia halifai kushoto. Gego la chini lina mizizi miwili, wa mbele na wa nyuma, na koleo lake hutumika pande zote. Meno ya mbele yana lake, mizizi iliyokatikia ndani ina lake. Bibi ndiye aliyeyachemsha, akayapanga, na akayakabidhi. Babu hakuwa akitaja jina la kifaa. Alinyoosha mkono nyuma na kilichowekwa kiganjani ndicho kilichotakiwa. Anayekabidhi hivyo tayari ameshaamua moyoni jino lipi linatoka na kwa njia gani.

Halafu amalgamu, ile inayoziba magego kwa rangi ya fedha. Kabla ya vidonge vilivyopimwa kiwandani, ilichanganywa pale pale: unga wa fedha na bati kwenye kinu kidogo, zebaki juu yake, mchi unazungushwa mpaka inakuwa laini, inakamuliwa kwenye kitambaa au kipande cha ngozi laini ili zebaki iliyozidi itoke. Wengi walimalizia kwa kuifinyanga kwenye kiganja kitupu. Zebaki hushikana na dhahabu mara moja, kwa hiyo pete ya ndoa ya mchanganyaji huingia madoa meupe. Pete ya bibi ilikuwa na doa la namna hiyo ambalo sonara alishindwa kulitoa lote. Baadaye alizoea kuivua kabla ya kazi na kuitundika kwenye msumari. Pete ya babu, anasema shangazi, ilibaki ya manjano mpaka tulipomzika. Mimi sihitaji ushahidi mwingine wa nani alichanganya zebaki katika nyumba ile.

Jambo la zebaki halikuwa mchezo. Karibu nusu ya uzito wa amalgamu ni zebaki, na hatari kubwa zaidi haikuwa kwa mgonjwa mwenye jino moja lililozibwa bali kwa anayevuta mvuke wake kila siku katika chumba kidogo. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, uliokubaliwa mwaka 2013 na kuanza kutumika 2017, ulizitaka nchi zipunguze matumizi ya amalgamu. Kwenye kliniki za chumba cha mbele, za nchi yoyote unayoweza kuifikiria, waliovuta mvuke huo bila mshahara walikuwa wake na watoto wa madaktari. Shangazi alichezea matone ya zebaki sakafuni, akiyafukuzia kwa kadi ya miadi. Bibi alimchapa kwa hilo mara moja, na shangazi bado ana hasira kwa sababu hakuelezwa kosa.

Na kulikuwa na meno ya bandia. Hapa shangazi alisimama, maana mikono ilihitajika katika kueleza. Kipimo cha kinywa kinachukuliwa, kinamiminiwa plasta, plasta inaganda kwa dakika chache na huwezi kumwambia ingoje. Juu ya umbo la plasta unajenga ufizi wa nta, unapanga meno kwenye nta, mgonjwa anajaribu, unarekebisha. Kisha yote yanafungiwa kwenye chombo cha chuma cha pande mbili, nta inayeyushwa itoke, na pale ilipokuwa unajaza akriliki ikiwa bado kama kinyunga, unabana, unachemsha. Ikitoka unakata, unasugua, unang'arisha. Babu aliifanya kazi hiyo miaka ya mwanzo na aliichukia. Bibi aliifanya usiku, watoto wakiwa wamelala, na harufu kali ya kimiminika cha akriliki ilijaa nyumba nzima. Shangazi anasema mpaka leo akiinusa kwenye duka la rangi za kucha anakumbuka kulala.

Waliotangulia walipata harufu mbaya zaidi. Kabla ya akriliki kuingia miaka ya 1930 ufizi wa bandia ulikuwa wa mpira uliopikwa na salfa, vulkaniti, na historia yake ina kurasa chafu. Kampuni ya Goodyear Dental Vulcanite ilishika hataza, yaani haki ya kisheria ya kuumiliki ubunifu huo peke yake, na kuwataka madaktari wa meno wa Marekani walipe leseni ya mwaka pamoja na ada kwa kila meno ya bandia waliyotengeneza. Josiah Bacon, mhazini wake, aliwafuatilia mji kwa mji na kuwashtaki. Samuel Chalfant, mmoja wa madaktari hao, alikimbia kesi kutoka Delaware hadi upande wa pili wa bara, na Aprili 1879 alimpiga Bacon risasi na kumuua hotelini San Francisco. Hataza ilipokwisha mwaka 1881 kampuni haikutafuta njia ya kuifufua. Nalitaja hili kwa ajili ya wanaochimba historia za familia zao: mkiona babu wa namna hii amehamahama miji katika miaka ya 1870, msikimbilie kusema alikuwa mlevi. Huenda alikuwa anakwepa hati ya mahakama.

Kuna kazi nyingine ya bibi isiyoandikwa popote, nayo ni kuwepo. C. Edmund Kells, daktari wa meno wa New Orleans, hutajwa kuwa wa kwanza kuajiri mwanamke kama msaidizi wa kliniki, mwaka 1885. Alipata wagonjwa wengi kwa sababu mwanamke aliyehitaji kutibiwa aliweza sasa kwenda bila kusindikizwa na mume au ndugu. Ndani kulikuwa na mwanamke mwingine. Madaktari wengi wakaiga na kuweka matangazo madirishani kwamba mwanamke yumo. Kells anasifiwa kwa ubunifu huo. Haki yake. Ila katika miji midogo mwanamke alikuwa yumo siku zote, na hakuhitaji tangazo kwa sababu kila mtu alimjua mke wa daktari. Alikaa pale mlango ukiwa wazi, akamshika mtoto mkono, akazungumza na mama mwenye aibu ya meno yake. Baadaye vyuo vikaipa heshima: kufikia miaka ya 1960 wanafunzi wa udaktari wa meno Marekani walifundishwa kufanya kazi na msaidizi aliyekaa upande wa pili wa kiti, mmoja anatoboa, mwingine ananyonya mate, anapokea na kukabidhi. Mfumo huo uliitwa wa mikono minne. Bibi angeshangaa kusikia kwamba una walimu.

Sitaki kuonekana kama mtu anayesema wanaume wote wa fani hii waliwaficha wake zao. Kuna nyumba zilizokwenda kinyume. Lucy Hobbs alikataliwa chuoni Ohio kwa sababu ya jinsia yake, akajifunza kwa mwalimu mmoja mmoja huku akijitafutia riziki kwa kushona usiku, akafanya kazi katika miji midogo ya Iowa, na chama cha madaktari wa meno cha huko kilipomkubali mwaka 1865 chuo nacho kikafungua mlango. Februari 1866 akawa mwanamke wa kwanza Marekani kupata shahada ya udaktari wa meno. Mwaka uliofuata aliolewa na James Taylor, fundi katika karakana ya reli ambaye hakujua lolote kuhusu meno. Lucy akamfundisha mumewe. Wakahamia Lawrence, Kansas, na huko wakawa madaktari wawili, mke akiwatibu zaidi wanawake na watoto. James alifariki mwaka 1886.

Niligundua nikisoma habari zao kwamba hakuna mahali anapoitwa "mume aliyemsaidia".

Tofauti ya bibi yangu na Emeline Jones si kipaji, maana kipaji cha bibi nimekishika kwenye kadi. Tofauti ni sheria. Sheria ya kwanza ya kusimamia udaktari wa meno Marekani ilipitishwa Alabama mwaka 1841 na kwa muda mrefu ikawa kama haipo. Kuanzia 1868, New York, Ohio na Kentucky zikiwa mbele, majimbo yakaanza moja baada ya jingine kudai mtihani na leseni, na dunia iliyobaki ikafuata kwa mwendo wake. Sheria hizo zilikuwa za lazima. Kabla yake yeyote mwenye koleo na sauti kubwa aliweza kufungua kliniki, na watu walikufa kwa usaha wa jino lililong'olewa vibaya. Lakini mlango uliomfungia tapeli ulimfungia pia yule aliyejifunza kando ya kiti cha mumewe. Mwaka 1864 mjane wa daktari aliweza kuchukua kiti na kuingia barabarani. Miaka 100 baadaye mjane mwenye ujuzi uleule aliweza kuchukua kiti na kukiuza.

Hapo ndipo tunapokwaruzana na baba mkubwa. Yeye si mjinga na si mtu wa kudharau mama yake. Anachosema ni hiki: nikiandika kwamba bibi ndiye aliyekuwa akiona, nimeandika mambo mawili kwa wakati mmoja. Nimeandika kwamba baba yake aliwatibu watu akijua haoni vizuri. Na nimeandika kwamba mama yake alifanya kazi ambayo sheria haikumruhusu.

"Unataka wajukuu wasome kwamba mzee alikuwa kipofu na mama alikuwa mhalifu?"

"Hapana, baba mkubwa. Nataka wasome kwamba walikuwa wawili."

"Wawili walikuwa. Nimeandika alimsaidia."

Nimelifikiria swali lake kuliko anavyodhani. Je, mgonjwa alidanganywa? Alikuja kwa daktari mwenye leseni na kumbe jicho lililoamua lilikuwa la mtu asiye nayo. Ningekuwa mimi mgonjwa, ningependa kuambiwa. Shangazi anajibu kwamba waliambiwa na macho yao. Mama alikuwa ameinama juu yao na kioo mkononi, hakujificha nyuma ya pazia, na wazee wengi walipofika waliuliza kama Mama Daktari yupo kabla hawajakaa. Mimi naona ukweli uko katikati na haupendezi: mji ulijua, na mji ulichagua kutojua rasmi, kwa sababu jambo lingine lililowezekana lilikuwa ni kurudi kusafiri na kuvumilia. Babu angeacha miaka kadhaa mapema. Pengine alipaswa. Hakuacha, na katika kadi za miaka hiyo kazi ni safi, kwa kadiri ninavyoweza kupima kwa kuhesabu waliorudi kulalamika kuhusu jino lilelile. Wako wachache, kama ilivyokuwa alipokuwa kijana.

Leja ya wadaiwa nimeipitia haraka. Yote ni ya bibi, kuanzia ukurasa wa kwanza. Kinachoonekana humo ni kwamba alijua nani hana na nani hataki kulipa, na hao wawili hakuwaandikia barua za aina moja. Nakala za barua zipo. Zile za wasiotaka zina adabu ya kutisha.

Babu alipofariki kliniki ilinunuliwa na daktari kijana aliyetoka chuoni. Alinunua kiti, taa, mashine, koleo na kadi, na kadi ndizo zilizokuwa na thamani, kwa kuwa mwenye kadi ndiye mwenye wagonjwa. Wiki za mwanzo alimtuma mtu nyumbani mara kwa mara kuuliza maswali. Alama hii ina maana gani? Huyu mzee alipewa ganzi ipi ikamletea shida? Kwa nini gego hili liliachwa? Mwishowe bibi akavaa viatu akaenda mwenyewe. Yule kijana, ambaye sasa naye ni mzee na amenisimulia haya kwenye simu, alimwomba abaki, na akampa mshahara. Bibi alikuwa mjane mwenye wajukuu, na ulikuwa mshahara wa kwanza maishani mwake. Aliupokea kwa miaka kadhaa, mpaka alipoona mwenyewe kwamba macho yake nayo yameanza kumwacha, akaaga kabla hajaulizwa.

Barua ya ajira ipo, ina jina lake kamili na maneno "msaidizi mkuu wa kliniki". Baba mkubwa ameisoma mara mbili. Ameniambia hiyo ataiingiza kwenye toleo jipya la ukurasa wa ukoo, pamoja na tarehe, kwa kuwa ina sahihi na muhuri. Kuhusu kadi na yale mengine, amesema tutazungumza nikija, na shangazi amesema na yeye atakuwepo.